Chafya na macho kuwasha kila kiangazi: kosa lililokaribia kunigharimu macho

Wauzaji wenzangu, leo siongelei bei wala picha za bidhaa.

Mimi nauza magauni ya mtumba mtandaoni, niko Dodoma. Mvua zikishakata, kuanzia Juni mpaka Oktoba huku ni upepo na vumbi tu. Kila mwaka majira hayo pua inatiririka na macho yanawasha mpaka natamani kuyang'oa. Nikawa najiambia ni mafua. Mafua gani sasa yanakaa wiki sita?

Kumbe ni mzio, wengi tunasema aleji. Mwili unakutana na kitu ambacho wala hakina shida, labda chavua ya nyasi, au uchafu wa wale wadudu wadogo wa kwenye vumbi wasioonekana kwa macho, wenyewe unadhani ni adui. Unamwaga kemikali inaitwa histamini, na hiyo ndiyo inaleta muwasho, machozi na chafya. Mafua mara nyingi huja na koo kuuma au mwili kuchoka, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Aleji haina homa, inawasha sana, na mara nyingi inashika macho yote mawili. Antibaiotiki haitibu aleji. Mimi nilimeza dozi mbili bure.

Kosa langu kubwa lilikuwa matone ya macho. Nilinunua duka la dawa bila kupimwa. Siku mbili tu macho meupe pee! Nikawa natia kila kabla ya kwenda laivu, miezi miwili. Siku nimeenda kliniki ya macho, daktari akasoma ile chupa akauliza nani kaniandikia. Ilikuwa na steroidi. Steroidi ya macho ukiitumia muda mrefu bila kufuatiliwa inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, na presha hiyo inaua mshipa wa jicho taratibu, mara nyingi bila maumivu. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho. Uoni unaopotea kwa presha haurudi. Yangu ilikuwa imeanza kupanda, nikaacha, ikashuka. Soma chupa yako leo, muulize mfamasia.

Sasa natumia setirizini ya mg 10, kidonge kimoja kwa siku (hiyo ni dozi ya mtu mzima, na kama una mimba, unanyonyesha au una ugonjwa mwingine uliza kwanza). Loratadini nayo inafanya kazi hiyo. Piritoni inasaidia ila inaleta usingizi. Niliwahi kufunga oda nimeimeza, gauni la mteja wa Iringa likaenda Mwanza, nauli ya kulirudisha nikalipa mimi. Kwa macho nilipewa matone ya kromoglikati, hayana steroidi. Yale ya kuzibua pua haraka usizidishe siku tano, pua itaziba kuliko mwanzo.

Jicho likiuma, mwanga ukikuumiza, ukiona ukungu, au kifua kikibana na kupiga mluzi, acha simu nenda hospitali.

Halafu kuna belo. Mimi nilikuwa nalala nalo chumba kimoja! Sasa linakaa stoo, nalifungulia nje asubuhi kabla upepo haujaanza, nimevaa barakoa na miwani. Nikimaliza naoga na kubadili nguo kabla ya kugusa kitanda. Chumbani sifagii kavu, napiga deki. Shuka nafua kwa maji ya moto kila wiki, maana wadudu wale wanafia kwenye joto la nyuzi 60. Magauni ya hariri usiyajaribishe humo, utalia kwa sababu nyingine.

Na usifikiche macho, muwasho unazidi. Kabla ya laivu nalaza kitambaa cha maji baridi juu ya macho dakika kumi hivi, uvimbe unapungua, ndipo nawasha taa.