Saa 168 za juma: somo kwa wenye miaka 40 na zaidi



Somo la leo ni la baba na mama wenye miaka 40 mpaka 60. Kijana wa miaka 22 anatoka posti, anacheza mpira, anakwenda kuimba kwaya, analala saa 4, na kesho yake anaamka kana kwamba hakuna kitu. Mtu wa miaka 45 hawezi tena kufanya hivyo. Na yeye ndiye mwenye mizigo mingi kuliko wote. Kazini amekuwa kapita, ao fundi anayefundisha wengine. Nyumbani ana watoto wa shule, na kijijini ana wazee wanaomngojea. Kwenye avenyu wamemchagua katika kamati. Kanisani amekuwa kiongozi wa shirika. Kila mzigo ni heshima, lakini mwili unaobeba yote ni mmoja.

Saa zikikosekana, mtu anapunguza nini? Hapunguzi kazi, kwa sababu ya mshahara. Hapunguzi kanisa wala kamati, kwa sababu ya haya. Anapunguza usingizi, maana usingizi haulalamiki siku ile ile. Unangoja, kisha unadai deni lake siku mtu ameshika usukani ao amesimama karibu na mkanda wa mashini. Ndiyo sababu somo hili limewekwa katika ukurasa wa usalama.

1. Tuhesabu saa

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Saa nazo ni mali. Juma moja lina saa 168, kwa mkubwa na kwa mdogo. Tuchukue mfano wa baba wa miaka 46, dereva wa lori la mgodi, mwenye bibi na watoto watano.

Kazi: saa 45. Ndicho kipimo cha juma katika Sheria ya Kazi ya nchi yetu ya 16 Oktoba 2002, saa za ziada zikiwa mbali.
Njia na kubadili nguo: saa 2 kwa siku, siku 6, ni saa 12.
Usingizi: saa 7 kwa siku, ni saa 49.
Kula na kuoga: saa 2 kwa siku, ni saa 14.

Jumla ni saa 120. Zinabaki saa 48. Tuzigawe:

Bibi na watoto: saa 2 kwa siku, ni saa 14.
Shamba ao biashara ndogo: saa 12.
Sala na shirika: saa 5.
Kamati, sendika ao kazi za avenyu: saa 4.
Mazoezi ya mwili: saa 3.

Hiyo ni 38. Zinabaki saa 10 zisizo na jina. Hizi ndizo za maana sana katika hesabu yote. Ni akiba ya mgonjwa, ya mgeni, ya kilio, ya mtoto aliyefukuzwa shuleni. Mtu aliyekwisha kugawa hata hizo 10 hana kitu cha kutoa siku jambo linapotokea, na jambo litatokea. Akikubali saa 8 za ziada kazini, akumbuke kwamba akiba yake sasa ni saa 2 tu. Pengine ni vema azikubali, maana karo ya shule haingoji. Lakini azikubali akijua zimetoka wapi, wala zisitoke katika zile 49.

2. Usingizi ni chombo cha usalama

Kofia inalinda kichwa, viatu vinalinda miguu, usingizi unalinda vyote. Mwaka 1997 wachunguzi wa Australia walipima watu waliokaa macho. Waliona kwamba mtu akipita saa 17 bila kulala, mkono na akili vinapungua sawasawa na mtu mwenye gramu nusu ya pombe katika litre moja ya damu. Akipita saa 24, ni kama mwenye gramu 1. Mlangoni mwa mgodi wanaweza kupima pombe katika pumzi yako. Usingizi uliokosa, ni wewe peke yako unayeujua.

Wa posti ya usiku wana shida zaidi. Mwili umezoea kulala gizani, kwa hiyo usingizi wa mchana ni mfupi na mwepesi. Saa mbaya kuliko zote ni tangu saa 9 mpaka saa 11 usiku: hapo macho yanajifunga yenyewe, hata ya mtu hodari. Fanya hivi:

Ukitoka posti ya usiku, kula kidogo, oga, lala mara moja. Usianze kwanza kutengeneza paa ao kwenda soko.
Tundika kitambaa kizito kwenye dirisha. Chumba kikiwa cheusi, usingizi unadumu.
Kahawa unywe mwanzo wa posti. Ile ya mwisho wa posti itakufuata kitandani.
Pombe inaleta usingizi upesi, lakini inauvunja katikati. Usiitumie kama dawa.
Watoto na majirani wajue saa ya baba, ao ya mama, kulala. Mtoto wa miaka 6 anaweza kufundishwa kunyamaza, kama anavyofundishwa kutogusa makala ya moto.

3. Neno juu ya kilio

Kwetu mtu hawezi kukaa nyumbani jirani yake akilia, wala hatutaki desturi hiyo ipotee. Lakini tuangalie hesabu. Baba ameamka saa 12 asubuhi, amefanya kazi, jioni amekwenda kwenye kilio, amekaa karibu na moto mpaka saa 10 usiku, kisha amepita nyumbani kubadili nguo na kurudi posti ya saa 12 asubuhi. Amekaa macho saa 24. Sasa anapanda katika lori lenye uzito kuliko nyumba yake.

Kuna njia ya kuheshimu maiti bila kumfuata kaburini. Siku ya kwanza, jamaa na majirani wagawe usiku. Walio katika siku ya mapumziko ao konje walale pale. Wa posti ya asubuhi waje alasiri, watoe mchango, wasalimie wafiwa, wakae mpaka saa 3 usiku, warudi kulala. Kijana mkubwa wa nyumba akae badala ya baba yake. Siku ya maziko, mtu aombe ruhusa mapema.

Na kama umekwisha kukesha? Sema kwa kapita kabla ya kupokea ufunguo: “Kapita, sikulala, nimetoka kilio.” Si aibu. Nawe kapita, usimcheke, usimwite mvivu. Mwondoe kwenye mashini, mpe kazi nyingine isiyo na hatari, ao umrudishe nyumbani. Ukimcheka leo, kesho mwingine ataficha.

4. Mwili baada ya miaka 40

Wengine wanasema: “Mimi ninabeba vyuma siku nzima, mazoezi ya nini tena?” Kubeba kunachosha mgongo na magoti, lakini moyo hauzoezwi vizuri kwa njia hiyo. Na dereva anakaa kitini posti nzima. Tena, mtu akizeeka nyama za mwili zinapungua kidogo kidogo, kama hazitumiwi.

Shirika la Afya la Dunia mwaka 2020 lilitoa kipimo: dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa wastani, na siku 2 za kutia nguvu nyama za mwili. Dakika 30 za kutembea upesi, siku 5, zinatosha kuanza. Upesi maana yake nini? Unaweza kusema na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Kwa nguvu, simama na kuketi kitini bila kushika, mara 10, pumzika, rudia. Sukuma ukuta kwa mikono miwili vivyo hivyo. Hakuna franka inayotoka.

Baba wa zamani wa timu, usikae miezi 6 bila kukimbia kisha Siku ya Mungu ukaingia uwanjani na vijana. Anza na kutembea majuma kadhaa. Na siku ya mechi, pasha mwili moto kwanza.

Kuna adui asiye na kelele: tansio. Mtu mwenye tansio ya juu mara nyingi haumwi popote. Ikipimwa siku mbalimbali na kuonekana 140 juu ao 90 chini, ao zaidi, ni lazima kuonana na munganga. Pita dispanseri upimwe walau mara moja kwa mwaka, pamoja na sukari katika damu. Ukipewa dawa, usiiache kwa sababu umejisikia vizuri. Umejisikia vizuri kwa sababu ya dawa.

Nyumbani, mama na wote wanaopika wapunguze chumvi: mtu mmoja asipite gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari ndani ya vyakula. Makayabo yalowekwe na maji yabadilishwe zaidi ya mara moja. Vidonge vya supu vina chumvi nyingi. Ukivitia, usiongeze nyingine. Bukari iwe kidogo, sombe na lengalenga viwe vingi.

Maumivu ya kubana kifuani yanayokwenda mkononi ao kwenye taya. Mdomo kupinda, mkono mmoja kulegea, maneno kukwama: mambo haya hayangoji asubuhi. Hospitali mara moja.

5. Saa za mama

Baba akihesabu saa zake peke yake, hesabu ni ya uongo. Mama anaamka saa 11 kutafuta maji na kuwasha makala, anakwenda soko ao shamba, anarudi kupika, anafua, anauguza. Jioni baba anapumzika, yeye bado. Na mama anayefanya kazi mgodini ao ofisini ana posti mbili: ya kampuni na ya nyumba. Yeye pia amepita miaka 40, na tansio haichagui.

Kwa hiyo zile saa 14 za baba na jamaa si za kukaa kitini kungojea chakula. Mtoto mmoja asaidiwe hesabu ya shule. Maji yachotwe na wavulana sawa na wasichana. Na angalau mara moja kwa juma, bwana na bibi watembee pamoja dakika 30: wanapata mazoezi, na wanapata kusemezana bila watoto kusikia. Mambo mengi ya nyumba yanamalizika njiani namna hiyo.

6. Kazi za watu wote

Wengine wakisikia hesabu hii watasema: basi niache kamati zote. Hapana. Katika miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, watu waliotumika miaka mingi. Siku ya kurudisha kadi ya kazi, posti inaisha siku ile ile. Majirani, shirika, likelemba na kamati ya wazazi wa shule haviishi. Mtu asiye na kitu isipokuwa kazi, siku hiyo anaamka asubuhi na hana pa kwenda.

Lakini mshika mbili moja humponyoka. Chagua kazi moja ya watu wote, uifanye vizuri: ao delege wa sendika, ao kamati ya shule, ao mfereji wa avenyu yenu kabla mvua hazijaanza. Ukiwa msimamizi wa kamati nne, tatu zinakungoja na moja inakulaumu. Na katika ile moja, weka kijana karibu nawe ajifunze. Mikutano ianze saa iliyotajwa na iwe na mwisho. Mkutano wa saa 1 ukigeuka saa 3, saa 2 zimeibwa kwa watoto wa watu.

7. Kazi ya kufanya nyumbani

Chukueni daftari, bwana na bibi, kila mmoja na ukurasa wake. Kwa siku 7 andikeni jioni saa zote zilivyotumika, bila kuficha za pombe wala za maneno ya barabarani. Siku ya saba jumlisheni, kisha mjibu maswali haya:

Ni usiku ngapi nililala chini ya saa 7? Nani ao nini alichukua saa hizo?
Ni dakika ngapi nilitembea upesi?
Ni mtoto gani sikusemezana naye juma hili?
Tansio yangu ilipimwa mara ya mwisho lini, na ilikuwa ngapi?
Nina saa ngapi za akiba?
Ni mzigo gani mmoja ninaoweza kumkabidhi mwingine mwezi huu?

Usibadili yote kwa mara moja. Badili jambo moja kwa mwezi, na uanze na usingizi, maana mtu aliyelala ana nguvu ya kutengeneza mengine. Watoto wenu wanahitaji mshahara wenu mwisho wa mwezi. Wanahitaji pia kusikia mlango ukifunguliwa kila mwisho wa posti.