SOMO LETU: PAMPU YA INSULINI INAYOJIONGOZA. TUULIZE NINI KABLA YA KUICHAGUA?



Somo la safari hii linahusu ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza, na mashine mpya za kuutunza ambazo zinasifiwa sana. Tumelichagua kwa sababu ya jambo lililotokea katika tawi letu hapa Uganda, katika shamba la chai lenye kiwanda chake.

Kijana mmoja wa kiwandani, anayefanya kazi kwenye mashine za kukaushia majani, ana ugonjwa huu tangu alipokuwa shule ya msingi. Mwaka jana ndugu yake aliyeko Uingereza alimpigia simu. Alimwambia kwamba huko watu wanavaa pampu ndogo inayotoa insulini yenyewe, na kwamba yuko mtu anayeuza yake kuukuu kwa bei nafuu. Kijana akaja mbele ya kamati akasema: "Mzee Katibu, nimechoka kuogopa kulala. Naomba wenzangu wanichangie."

Kamati ilikubali mara moja. Lakini kabla daftari la mchango halijaanza kuzunguka, mama mmoja mchuma chai alisimama akauliza: "Hiyo mashine inakula nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukaahirisha mchango kwa wiki mbili, tukaenda pamoja na kijana mpaka kliniki yake kuuliza. Mimi niliishia darasa la saba, na maelezo niliyapata vizuri. Basi na wewe, ndugu msomaji, utayapata.

1. UGONJWA WENYEWE

Posho, matoke, viazi na mkate tunaokula hugeuka sukari na kuingia katika damu. Ili sukari hiyo itoke katika damu na kuupa mwili nguvu, inahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Katika aina ya kwanza ya ugonjwa huu, kinga ya mwili hushambulia na kuua sehemu za kongosho zinazotengeneza insulini. Ugonjwa huu hauambukizi, wala mtu hakuupata kwa sababu ya kula sukari nyingi. Asipopata insulini kutoka nje, atakufa.

Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Mwaka 1923 haki ya ugunduzi huo iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 tu kwa kila mgunduzi aliyetia sahihi, ili dawa isiwe mali ya mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima mwaka 1977, insulini ilikuwamo. Kwa hiyo mfanyakazi anayedai insulini hadai anasa.

Mgonjwa huishi kati ya hatari mbili. Insulini ikizidi, sukari hushuka. Chini ya 70 kwenye kipimo kimoja, au 3.9 kwenye kipimo kingine, ni hatari: mtu hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na wengine humdhania mlevi. Insulini ikikosekana, sukari hupanda: kiu kali, kukojoa kila mara, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa nguvu na harufu ya matunda mdomoni. Huyo apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

2. MASHINE INAFANYA NINI

Mashine hii ina sehemu tatu. Ya kwanza ni pampu, ambayo hutia insulini kidogo kidogo chini ya ngozi mchana na usiku. Ya pili ni kitambuzi kinachobandikwa mwilini na kupima sukari kila baada ya dakika chache. Ya tatu ni programu inayosoma kipimo hicho na kuiambia pampu iongeze au ipunguze.

Mashine ya kwanza ya namna hii, MiniMed 670G, ilikubaliwa Marekani mwaka 2016. Baadaye zikaja MiniMed 780G, t:slim X2 yenye programu ya Control-IQ, Omnipod 5 na iLet. Desemba 2023 chombo cha Uingereza kinachopima matibabu kilipendekeza mashine hizi zitolewe na huduma ya afya ya umma kwa watu wengi wenye ugonjwa huu. Kwa hiyo sifa zake ni za kweli. Sukari hukaa mahali pake kwa saa nyingi zaidi, hasa usiku, na hilo ndilo kijana wetu alilokuwa akililia.

Lakini inajiongoza nusu tu. Mtu bado lazima aiambie anapokula, abadilishe vifaa vyake, na ajue la kufanya ikiharibika.

3. MASWALI SITA YA KUULIZA

Swali la kwanza: Inakula nini kila mwezi? Pampu hainunuliwi mara moja ikaisha. Nyingi kati ya zile zenye mpira mwembamba huhitaji seti mpya ya mpira na kijisindano cha plastiki kila siku 2 au 3. Omnipod haina mpira, hubandikwa mwilini na kutupwa kila baada ya siku 3. Maana yake ni vifaa 10 kwa mwezi, zaidi ya 120 kwa mwaka. Vitambuzi vingi hudumu kati ya siku 7 na 15: kwa siku 10 ni vitatu kwa mwezi. Trekta la zawadi lisilo na vipuri ni chuma cha kutagia kuku. Jua kwanza duka gani linauza vifaa hivyo, na nani atalipa mwezi wa pili, wa sita na wa kumi na mbili.

Swali la pili: Inatumia insulini gani? Hapa ndipo wengi hawaulizi. Mashine hizi zimetengenezwa kwa insulini safi inayofanya kazi haraka. Vituo vingi vya afya kwetu hutoa insulini ya kawaida, au ile ya mchanganyiko ambayo huonekana nyeupe kama maziwa. Insulini ya maziwa haitiwi kabisa ndani ya pampu. Kama kituo chako hakina insulini ya haraka kila mwezi, pampu haina kazi kwako.

Swali la tatu: Ikisimama, itakuwaje? Anayejidunga sindano ya kudumu ana akiba ya dawa mwilini. Anayevaa pampu hana, kwa sababu ndani yake imo ya haraka tu. Mpira ukikunjika au kijisindano kikichomoka, baada ya saa chache tu anaweza kuanza kuingia katika hatari. Kwa hiyo kila mwenye pampu lazima awe na sindano, insulini na stripu za kupimia akiba, nyumbani na kazini, na ajue vipimo vyake vya sindano kwa kichwa.

Swali la nne: Inafaa kazi yangu? Mpira mwembamba unaweza kunaswa na tawi, kamba au mkono wa mashine. Jasho hubandua gundi ya kitambuzi. Insulini huharibika kwa joto kali, na ile iliyo ndani ya pampu hukaa mwilini mwa mtu aliye karibu na tanuru au juani. Mchuma chai, mkata miwa na mtu wa karani ofisini wanaweza kuwa na ugonjwa mmoja na kuhitaji vifaa tofauti.

Swali la tano: Inataka umeme gani, na elimu gani? MiniMed 780G hutumia betri ndogo moja kama ya tochi. t:slim X2 huchajiwa kama simu. Omnipod 5 huongozwa kwa kifaa cha mkononi kinachochajiwa, au kwa simu za aina fulani tu. Karibu zote zinataka ukadirie kwa gramu wanga ulioko katika sahani yako. iLet hutaka useme tu kama mlo ni wa kawaida, mdogo au mkubwa. Yote haya hujifunzwa, lakini kwa mwalimu. Asiwepo mtu wa kuanza pampu kwa kuangalia simu peke yake, bila kliniki.

Swali la sita: Nani ataitengeneza? Kampuni nyingi hudhamini pampu kwa miaka 4 kwa mnunuzi wa kwanza. Pampu kuukuu iliyoletwa katika sanduku la msafiri huenda haina mdhamini. Uliza pia kama itapatana na kitambuzi kinachouzwa katika nchi yako, maana kila mashine ina vitambuzi vyake inavyosikilizana navyo.

4. TAWI LETU LILIAMUA NINI

Tuliyajibu maswali hayo mmoja mmoja pamoja na kijana na muuguzi wake. La kwanza: ndugu yake angeweza kuleta vifaa vya mwezi mmoja tu. La pili: kliniki yake hutoa insulini ya maziwa. La sita: hakuna mdhamini. Muuguzi akamwambia: "Mwanangu, hii itakupa mwezi mmoja wa usingizi, kisha itakuachia deni."

Uamuzi ulikuwa wake, si wetu. Alinyamaza muda mrefu, akasema tusiinunue. Mchango uliendelea. Ulinunua stripu za kutosha kupima mara nne kwa siku, na kipimo cha pili cha kuweka kiwandani. Nyumbani, ambako hana friji, aliweka insulini anayoitumia ndani ya chungu kidogo kilichotiwa katika chungu kikubwa, mchanga mbichi ukiwa katikati, mahali pa kivuli. Ile isiyofunguliwa hukaa katika friji ya zahanati ya shamba, mbali na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda hutupwa.

Kisha tulikwenda kwa mwajiri. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba mgonjwa apumzike nyumbani, yaani bila mshahara. Tulirudi mara tatu. Mwisho tulipata dakika 10 za kupima na kula katikati ya zamu, ruhusa ya kuwa na sukari mfukoni mahali pa kazi, na zamu ya mchana isiyobadilika kila wiki, kwa kuwa zamu zinazogeuka huvuruga saa za kula na za kudunga.

Hatutaki kuwadanganya. Kijana bado huamka saa nane usiku kupima. Hofu yake imepungua, haijaisha. Pampu ingemfaa, na siku insulini ya haraka na vifaa vitakapofika kliniki yake kila mwezi, tutakuwa wa kwanza kumchangia. Hatukuikataa mashine. Tumekataa kununua nusu ya mashine.

5. MADAI YA KUTIA KATIKA MKATABA

Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu au hali ya virusi vya Ukimwi. Ugonjwa wa sukari haukutajwa kwa jina. Basi tuutaje sisi wenyewe katika mkataba wa pamoja:

(a) Mfanyakazi asifukuzwe wala kushushwa kazi kwa sababu anatumia insulini.
(b) Apewe muda wa kupima, kudunga na kula, bila kukatwa mshahara.
(c) Zahanati ya shamba iwe na insulini, stripu na friji inayofanya kazi.
(d) Katika kila zamu wawepo watu wawili wanaojua kumsaidia mtu ambaye sukari imeshuka.

Juu ya hilo la mwisho, kila mmoja ajifunze leo. Mwenzako akitetemeka na kuchanganyikiwa lakini anaweza kumeza, mpe vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari katika maji, au soda yenye sukari. Ngoja dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni: mlaze ubavu, tafuta gari, mpelekeni hospitali. Na mgonjwa asiache insulini hata siku ambayo hana hamu ya kula.

6. MASWALI YA MAZUNGUMZO KATIKA TAWI

1. Katika shamba au kiwanda chenu, nani wanaotumia insulini? Je, wanajificha? Kwa nini?
2. Friji ya zahanati yenu inafanya kazi? Ni nani aliyeiangalia mara ya mwisho?
3. Chukueni maswali sita, mkayajibu kwa ajili ya mwanachama mmoja au mtoto wa mwanachama. Ni jibu lipi lililokosekana, na nani anapaswa kulitoa: kliniki, mwajiri, au serikali?
4. Mkataba wenu unasema nini juu ya magonjwa ya kudumu?

Majibu yaandikwe na katibu wa tawi, yaletwe kwenye mkutano ujao. Yule mama mchuma chai aliyeuliza swali lake siku ile, sasa tumemchagua kuwa mjumbe wa afya wa tawi.

Umoja ni nguvu.