Chakula cha Mzee Mwenye Kidonda cha Kitandani

Mara nyingi tuendapo kumtazama mzee asiyeweza kuondoka kitandani, twakuta karibu yake kikombe cha uji mwepesi ambacho nusu yake imebaki. Nao wa nyumbani hutuambia, "Babu hafanyi kazi sasa, kidogo chamtosha." Maneno hayo husemwa kwa upendo, lakini si kweli, na mzee akiwa na kidonda cha kitandani, yamdhuru sana.

Kidonda hiki hutokaje? Mfupa wa kiuno, au wa nyonga, au wa kisigino huikandamiza nyama juu ya malazi hata damu isipite, na nyama ile hufa. Basi mwili hauna budi kujenga nyama mpya, na kazi hiyo ni kubwa ingawa hatuioni kwa macho. Tena maji yatokayo kidondani huchukua pamoja nayo protini, yaani kile kijengacho nyama katika chakula. Mwili usipopewa cha kutosha huibomoa misuli yake wenyewe. Ndipo kidonda hukaa miezi mingi bila kupona, hata kikisafishwa na kufungwa vizuri kila siku.

Mwongozo wa wataalamu wa vidonda wa mwaka 2019 wasema kwamba mgonjwa wa namna hii, akiwa amekonda au yu karibu kukonda, apewe kila siku kalori 30 hata 35 kwa kila kilo ya uzito wake, na protini gramu 1.2 hata 1.5. Na tuhesabu. Mzee wa kilo 50 ataka kalori 1,500 hata 1,750, na protini gramu 60 hata 75. Yai moja lina gramu 6 hivi. Bilauri ya maziwa 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa 15. Kikombe cha uji mwepesi wa mahindi kina 2 au 3 tu. Angekunywa vikombe kumi, asingepita nusu.

Hatusemi uji uachwe, maana wamfaa asiye na meno. Lakini uwe mzito, upikwe kwa maziwa, utiwe karanga zilizopondwa au unga wa dagaa, na kijiko cha mafuta. Mzee hushiba upesi, kwa hiyo apewe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Mayai ya nyumbani yakipelekwa sokoni, mawili yabaki. Mapapai, machungwa na mchicha vyafaa pia. Wala asinyimwe maji ya kunywa kwa kuogopa kufua shuka. Twajua wazee ambao huyakataa wenyewe kwa haya, na hao yafaa kuwabembeleza.

Mwenye ugonjwa wa figo, daktari aulizwe kwanza, kwa kuwa protini nyingi yaweza kumdhuru. Na chakula hakiondoi kazi ya kumgeuza mgonjwa.

Wakati wa kumlisha, ainuliwe kichwa na kifua, asilishwe akilala chali, chakula kisije kikaingia njia ya pumzi; akae vivyo hivyo nusu saa baada ya kula. Jioni tuhesabu alichokula, si tulichompakulia. Bakuli likirudi na nusu siku tatu mfululizo, daktari au muuguzi apewe habari.