DAWA YA MOTO NI MOTO

Kemia si ya maabara pekee. Sisi wa shule ya kutwa huivuta puani kila asubuhi kando ya barabara. Leo nataka tuone jinsi gesi moja mbaya ya moshi wa gari la petroli inavyovunjwa kabla haijatufikia.

Ndani ya injini joto hupita digrii 1500. Hapo naitrojeni na oksijeni ya hewa, ambazo kwa kawaida hazisumbuani, huungana kuwa oksidi ya naitrojeni, yaani NO. Ikitoka nje hugeuka NO2, gesi ya kahawia inayowasha mapafu na kuwazidishia taabu wenye pumu.

Sasa tazama chini ya gari. Kwenye bomba la ekzosi kuna mkebe wenye matundu madogo kama sega la nyuki. Matundu hayo yamepakwa gramu chache za platinamu, paladiamu na rodiamu. Kuvunja NO hasa ni kazi ya rodiamu:

1. Molekuli ya NO hutua juu ya metali na kushikamana nayo.

2. Kifungo chake hulegea, ikakatika kuwa atomu ya N na atomu ya O.

3. Atomu mbili za N hukutana, zikawa N2, zikaruka zao. Hiyo ndiyo gesi iliyojaa tele hewani.

4. O hubaki imeng'ang'ania, kama abiria aliyefika kituoni akakataa kuacha kiti. Ndipo CO, ambayo nayo ni sumu, huja kuishusha, zikaondoka pamoja zikiwa CO2.

Kwa ufupi: 2NO + 2CO → N2 + 2CO2

Mnaona? Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Sumu mbili zimemalizana, na rodiamu imebaki vile vile. Ndiyo maana huitwa kichocheo.

Lakini viti vikijaa, kazi hukwama. Hewa ikizidi kilo 14.7 kwa kila kilo 1 ya petroli, oksijeni huvikalia. Risasi nayo huifunika metali isifanye kazi tena. Bahati nzuri Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka wa 2006.

Siku hizi kuna wanaong'oa mkebe huo wauze metali zake, kisha wanaunga bomba tupu. Gari litaenda, ndiyo, lakini NO yote itatoka hivyo hivyo. Basi fundi akimwambia mzazi wako, "Hiki hakina kazi, tukitoe," mwulize kwa heshima: na NO itavunjwa na nani? Kama si rodiamu, ni mapafu yetu yatakayoipokea.