Fungate Safarini: Siku Saba Kandokando ya Ziwa

Kiswahili kina neno zuri la kutaja siku zinazofuata arusi, nalo ni fungate. Maana yake ya asili ni muda wa siku saba. Katika desturi ya pwani, bwana na bibi arusi walikaa ndani siku hizo zote, na chakula chao kiliandaliwa na upande wa bibi arusi. Hawakuulizwa habari za kuni wala za maji. Desturi hiyo ilikuwa na hekima. Watu wawili waliotoka katika ngoma, wageni na hotuba wanahitaji utulivu, wapate kupumzika na kujuana kabla kazi za nyumba hazijawashika.

Siku hizi vijana wengi hupenda kuipitisha fungate safarini, wakilala leo hapa na kesho kule. Si jambo baya hata kidogo. Lakini mara nyingi safari hizo hupangwa kama mashindano: kilomita nyingi, miji mingi, picha nyingi, na wenyewe hurudi wamechoka kuliko walivyoondoka, tena wana deni. Kwa hiyo yafaa tujifunze namna ya kuipanga safari hiyo vema. Tutachukua njia ya kutoka Mwanza hadi Musoma, kandokando ya Ziwa Viktoria, iwe mfano wetu. Kanuni ni moja, na mengine yote yatoka katika hiyo: safari ya fungate ni fungate kwanza, ndipo iwe safari.

La kwanza: mfuko

Kabla ya kufungua ramani, bwana na bibi waketi pamoja wahesabu fedha zao. Tunasema pamoja, kwa sababu ndipo ugonjwa wa nyumba nyingi unapoanzia. Bwana huficha mfuko wake, akitaka kumshangaza mkewe. Bibi hudhani fedha zipo tele, akataka zaidi. Naye bwana, kwa kuona haya, hukopa. Wiki ya pili baada ya arusi mwenye nyumba anapodai kodi, ukweli hutokea, na pamoja na ukweli huja ugomvi wa kwanza.

Tuchukue mfano wa mwalimu kijana aliyemwoa muuguzi, na gari dogo waliloazimwa na jamaa. Kwanza watenge kodi ya nyumba na chakula cha mwezi ujao, na fedha hizo zisiguswe. Kinachobaki ndicho cha safari. Hicho nacho wakigawe mafungu matatu: mafuta, malazi na chakula, na akiba ya dharura. Fungu la mafuta ni rahisi kulipima. Kwenda Musoma na kurudi, pamoja na michepuko, tuseme ni kilomita 550. Kama gari lao hutumia lita 1 kwa kilomita 10, watahitaji lita 55. Waulize bei ya siku hiyo kituoni, wazidishe, na hesabu imekwisha. Wakiona mfuko hautoshi, wapunguze siku za kulala nje, wala wasiende kukopa. Fungate ya siku tatu isiyo na deni ni bora kuliko ya siku kumi itakayolipwa mwaka mzima.

La pili: hatua za njia

Toka Mwanza hadi Musoma ni kiasi cha kilomita 220, na barabara ni ya lami. Mtu mwenye haraka huimaliza kwa saa nne hivi. Maarusi wetu wanaweza kuigawa katika siku saba, na kila siku ikawa na jambo moja tu la maana.

Jumamosi, siku ya arusi, wasisafiri. Walale Mwanza. Kuondoka usiku baada ya karamu, huku dereva hajalala siku mbili, ni kumjaribu Mungu. Jumapili waamke bila haraka, waende Misa, na alasiri wavuke kwa mashua hadi kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, nayo i dakika chache tu kutoka mjini. Humo wataona mawe makubwa ya Mwanza kwa utulivu, na jioni watakuwa wamekwisha kurudi.

Jumatatu waanze safari. Kisesa si mbali, na hapo ndipo Bujora, yalipo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la Mapadre Weupe. Watazame ngoma na vifaa vya watemi wa kale. Kisha wapite Magu, wakalale Lamadi karibu na ziwa. Hapo walale usiku wa Jumatatu na wa Jumanne. Kulala mahali pamoja usiku wa pili ni siri ya safari njema, kwa maana asubuhi moja hakuna kufunga mizigo. Jumanne, kama mfuko waruhusu, waingie Serengeti kwa lango la Ndabaka, lililo karibu na barabara kuu. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, lakini shurti aonyeshe kitambulisho. Wakati wa mvua udongo mweusi wa mbuga hunasa magari, kwa hiyo waulize langoni kabla ya kuingia na gari dogo. Kama mfuko haukuruhusu, wakae ufukweni wale sato. Hawatakuwa wamepoteza kitu.

Jumatano wapite Bunda hadi Musoma, walale huko usiku wa Jumatano na wa Alhamisi. Alhamisi waende Butiama, alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na alipozikwa mwaka 1999. Wakifika hapo wakumbuke jambo moja linalowahusu. Mwalimu alirudi kutoka chuo kikuu cha Edinburgh mwishoni mwa mwaka 1952, naye alifunga ndoa na Maria huko Musoma mwezi wa Januari 1953. Kati ya kurudi na kuoa alijenga nyumba kijijini kwake kwa mikono yake mwenyewe, na majirani walistaajabu kumwona msomi kama yule akikanyaga udongo. Kwake nyumba ilitangulia sherehe. Mafundisho hayo bado yanatufaa.

Ijumaa warudi moja kwa moja. Hiyo ndiyo siku yao ndefu kuliko zote barabarani, nayo huishia nyumbani. Usiku wa saba wa fungate walale chini ya paa lao wenyewe. Jumamosi na Jumapili zimebaki za kufua nguo na kupanga vyombo kabla ya kurudi kazini.

Wako watakaopenda kwenda upande wa magharibi, Sengerema, Geita na hata Bukoba, ambako katika kanisa kuu amezikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali katika nyakati zetu, mwaka 1960. Upande huo umekuwa rahisi tangu tarehe 19 Juni 2025, daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa. Zamani watu walingoja kivuko, pengine kwa saa kadhaa. Sasa huvuka kiasi cha kilomita 3 za maji kwa dakika chache. Lakini toka Mwanza hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 400. Njia hiyo yataka siku nyingi zaidi, na anayeijaribu kwa siku tatu atakuwa ameona kiti cha gari tu.

La tatu: usalama

Hapa kwetu jua huchwa karibu saa 1 jioni mwaka mzima. Basi kanuni iwe hii: saa 11 jioni muwe mmekwisha kufika mnapolala. Usiku barabarani kuna ng'ombe, baiskeli zisizo na taa, na malori yaliyoharibika. Mchana nako, palipo na makazi ya watu, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Kabla ya kuondoka fundi atazame breki, magurudumu na gurudumu la akiba, nanyi mchukue leseni, bima na vitambulisho vyenu wote wawili.

Ziwa ni zuri, lakini lina adabu yake. Kando ya maji yake kuna konokono wanaoeneza kichocho, ugonjwa ulioenea sana Mwanza na visiwani. Mdudu wake huingia mwilini kupitia ngozi, bila mtu kuhisi. Msioge ziwani wala kutembea majini ufukweni, hata mkiona watoto wakicheza humo. Aliyekwisha kuingia majini aende hospitali akapimwe, maana dawa ipo. Usiku mlale ndani ya chandarua, kwa kuwa malaria haijui kama mtu yumo katika fungate.

Na mkipanda mashua au kivuko, vaeni maboya, tena mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, kiacheni kiende. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichotengenezwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa na watu wengi zaidi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kuchelewa saa mbili hakujamuua mtu.

La nne: wajibu wa wazazi na jamaa

Enyi wazazi na wasimamizi wa ndoa, neno hili ni lenu. Twajua ilivyo katika ukoo. Ikisikika tu kwamba maarusi watapita Magu, shangazi wa huko atachinja kuku. Mjomba wa Bunda atakasirika asipoamkiwa. Na yuko atakayeleta gunia la mchele lipelekwe Musoma. Haya yote yatoka katika upendo. Lakini mwisho wake fungate hugeuka kuwa ziara ya ukoo mzima, na bibi arusi hujikuta jikoni kwa watu akipika siku ya tatu ya ndoa yake. Wazee wetu wa pwani waliwakinga maarusi na kazi kwa siku saba. Sisi nasi tuwakinge. Wazazi wapeleke habari mapema kwa jamaa walioko njiani kwamba watoto watakuja kuwasalimu rasmi baada ya mwezi mmoja au miwili. Neno la baba au mama hupokewa. Neno la maarusi wenyewe huonekana kuwa kiburi.

Tena mtu mmoja tu, msimamizi kwa mfano, awe na orodha ya mahali watakapolala na siku zake. Kila jioni maarusi wampelekee habari fupi kwamba wamefika salama. Simu nyingine zote zingoje.

Maswali ya kujibu pamoja kabla ya arusi

Mnaotazamia kufunga ndoa, chukueni karatasi moja mjibu maswali haya, nyote wawili mkiwapo:

1. Tukirudi, kodi na chakula cha mwezi wa kwanza tutakuwa nacho bila kukopa?
2. Kila mmoja wetu ajua jumla ya fedha za safari ni ngapi?
3. Ipo siku yoyote ambayo tutakaa garini zaidi ya saa nne? Twaweza kuigawa?
4. Kila mahali tutakapolala, tumeuliza kwa simu bei, chandarua na maegesho ya gari?
5. Jambo gani moja kila mmoja wetu alitamani sana kuliona, na limo katika mpango?

Swali la tano msiliruke. Yule atakayeona kwamba ombi lake limesikilizwa katika safari ya siku saba atakuwa na tumaini la kusikilizwa katika safari ya miaka hamsini. Na yule aliyepangiwa kila kitu bila kuulizwa, hata akilazwa katika hoteli nzuri kuliko zote za ziwani, atakuwa amekwisha kujifunza kwamba katika nyumba hiyo yeye haulizwi.