Kunakili, Kukarabati na Kuhifadhi: Mfano wa Michoro ya Mapango ya Ajanta

Utangulizi

Istilahi uhifadhi na ukarabati hutumiwa mara nyingi kana kwamba zina maana moja. Historia ya mapango ya Ajanta, katika jimbo la Maharashtra nchini India, yaonyesha hasara iwezayo kuletwa na mkanganyiko huo. Makala haya yanajadili madhara yaliyoipata michoro hiyo mikononi mwa watu walioipenda, na kudai kwamba anayetaka kuihifadhi sanaa ya kale sharti kwanza aijue maada yake: imeundwa kwa nini, na kwa utaratibu gani.

Mapango haya, thelathini hivi kwa idadi, hayakuumbwa na maji wala upepo. Yalichongwa kwa mikono ya watu katika mwamba wa basalti ulio juu ya mto Waghora. Ya awali ni ya karne ya pili na ya kwanza kabla ya Kristo. Mengi ya baadaye ni ya karne ya tano, zama za mfalme Harishena wa ukoo wa Vakataka. Baadhi yalikuwa mahali pa ibada, mengine makao ya watawa wa Kibudha. Katika pango la 26 mna sanamu ya Buddha aliyelala akifa, yenye urefu wa mita saba hivi, na chini yake wafuasi wanaomboleza. Sanamu nyingi za Ajanta zilipakwa lipu na rangi pia, hivyo kuutenganisha uchongaji na uchoraji wa mahali hapa ni mazoea ya wasomi tu.

Maada ya Michoro

Vitabu vingi huiita michoro hii freski. Kuiita hivyo si sahihi. Katika freski, mchoraji hupaka rangi juu ya chokaa mbichi, na chokaa ikaukapo huishika rangi ndani yake. Wachoraji wa Ajanta waliukandika mwamba kwa udongo uliochanganywa na mchanga, nyuzi za mimea na pumba za mpunga, wakapaka juu yake utando mwembamba wa chokaa, kisha wakachora juu ya ukuta uliokwisha kukauka. Rangi zilishikizwa kwa gundi. Nyekundu na manjano zilitoka katika udongo, nyeusi katika masizi, na buluu katika jiwe la lapis lazuli lililoletwa kutoka mbali.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Rangi imekaa juu ya ngozi ya ukuta, haikuzama ndani. Maji yapenyayo katika nyufa za mwamba huilegeza lipu ikabanduka, wadudu hula gundi na nyuzi, nao popo huchafua kwa kinyesi chao.

Wanakili na Vanishi

Mwaka 1819 afisa wa jeshi la Waingereza, John Smith, aliyafikia mapango akiwa mawindoni, akachora jina lake kwa kisu juu ya mchoro katika pango la 10. Mnamo 1844 Robert Gill alitumwa kuinakili michoro, akaifanya kazi hiyo kwa karibu miaka ishirini. Nakala zake zilipelekwa London, na takriban zote zikateketea katika moto wa Crystal Palace mwezi Desemba 1866. John Griffiths na wanafunzi wake wa chuo cha sanaa cha Bombay wakaianza kazi upya mwaka 1872. Mwaka 1885, nakala zao zaidi ya mia moja ziliungua, pia London.

Laiti hasara ingeishia katika nakala! Ili waione michoro vizuri zaidi, wanakili hao waliipaka vanishi. Kwa kitambo rangi ziling'aa. Baadaye vanishi iligeuka manjano na kunasa vumbi. Nakala zikawa majivu huko Ulaya, na asili ikazidi kufifia nyuma ya utando uliopakwa kwa ajili ya nakala hizo.

Baada ya 1920, Nizam wa Hyderabad aliwaita wataalamu wa Kiitalia wakiongozwa na Lorenzo Cecconi. Haki yao isemwe: waliishikiza lipu iliyokuwa ikianguka, na bila wao sehemu kubwa ingepotea. Lakini nao walipaka vanishi iliyotokana na utomvu wa wadudu, ambayo ilitiwa weusi na wakati.

Kuanzia 1999 wataalamu wa idara ya akiolojia ya India, wakiongozwa na Rajdeo Singh, waliiondoa vanishi hiyo katika mapango ya 9 na 10 hatua kwa hatua, na nyuso zilizochorwa kabla ya Kristo zikaonekana tena. Hawakuongeza rangi pale ilipokosekana.

Lile jina la John Smith bado limo katika pango la 10. Siku hizi liko juu ya upeo wa macho ya mgeni, kwa kuwa Smith alisimama juu ya kifusi ambacho kimekwisha kuondolewa. Mkarabati angeweza kuziba mikwaruzo hiyo na kuipaka rangi ilingane na mchoro. Mhifadhi ameiacha.