Taa za Boma Ziwake Mpaka Asubuhi: Hesabu ya Volti na Ampea



Wafugaji wengi sasa wanafunga taa za sola kuzunguka boma ili kuzuia simba na fisi. Kijana Mmaasai wa Kenya, Richard Turere, aliyekulia jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alijulikana duniani mwaka 2013 kwa taa zake zinazowaka na kuzima kwa zamu, simba akadhani mtu anatembea na tochi. Taa hizi husaidia. Lakini taa inayozimika usiku wa manane ni hatari, kwa sababu mwenye boma amelala akijua analindwa.

Mwaka jana nilimshauri mzee mmoja afunge taa. Usiku wa kwanza ziliwaka hadi karibu na alfajiri. Usiku wa tatu fisi waliingia, wakaua mbuzi saba. Nilipofika kushona majeraha ya waliobaki, mzee aliniambia, "Daktari, taa zako zililala kabla ya fisi." Sikuwa na jibu. Siku ile ndipo nilipopima kitu nilichopaswa kukipima mwanzoni.

Maneno manne ya kujua

Fikiria maji yanayoshuka kwenye bomba kutoka tangini.
- Volti ni msukumo wa umeme, kama urefu wa tangi.
- Ampea ni wingi wa umeme unaopita, kama maji yanayotoka.
- Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi njia inavyobana umeme, kama bomba jembamba.
- Wati ni nguvu inayotumika.

Ukijua volti na ampea, mengine mawili unayapata mwenyewe:
- Omu = volti ÷ ampea
- Wati = volti × ampea

Tulichokuta kwenye boma la mzee

Kulikuwa na balbu nne za gari, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 (juu yake imeandikwa 20Ah), na paneli ya wati 20. Kila balbu ilivuta ampea 0.5.

Ukinzani wa balbu moja inapowaka: 12 ÷ 0.5 = omu 24.
Nguvu ya balbu moja: 12 × 0.5 = wati 6.
Balbu nne: wati 24.

Kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 11. Kwa hiyo usiku mmoja ulihitaji 24 × 11 = wati-saa 264.

Betri ikijaa kabisa ina 12 × 20 = wati-saa 240. Haikutosha hata usiku wa kwanza. Paneli ya wati 20, ikipata saa tano za jua kali, inarudisha wati-saa 100 tu. Gawanya: 100 ÷ 24 ni kama saa nne. Kuanzia usiku wa pili, taa zilikuwa zinazimika saa tano usiku. Fisi hawakuwa na haraka.

Waya nao unakula umeme

Taa mbili za upande wa mbali zilikuwa mita 40 kutoka kwenye betri, kwa waya mwembamba wa 0.75 uliosokotwa kwa mkono. Kwenye betri tulipima volti 12.4, kwenye taa 10.4. Volti 2 zilipotea njiani, na umeme uliopita ulikuwa ampea 1.

Ukinzani wa waya na viungo vyake: 2 ÷ 1 = omu 2.
Nguvu iliyopotea: 2 × 1 = wati 2, zikipasha waya joto bure.

Kumbuka kwamba umeme unakwenda na kurudi, hivyo mita 40 ni mita 80 za waya. Waya wa shaba wa 1.5 una nusu ya ukinzani wa ule wa 0.75. Viungo visafishe, vibane, uvifunge kwa utepe.

Tulivyorekebisha

Tuliweka taa nne za LED, kila moja ikivuta ampea 0.15.
Nguvu ya zote: 12 × 0.6 = wati 7.2.
Usiku mzima: 7.2 × 11 = kama wati-saa 79.

Hiyo ni chini ya 100 ambazo paneli inarudisha, na chini ya 120, yaani nusu ya betri. Betri ya aina ya gari ikishushwa chini ya nusu kila siku hufa mapema. Siku za mawingu paneli hurudisha kidogo, basi acha akiba.

Tahadhari wakati wa kupima

Volti hupimwa kwa kugusa ncha mbili za betri au taa. Ampea hupimwa kwa kukata njia na kupitisha umeme ndani ya mita. Usiguse ncha mbili za betri mita ikiwa kwenye ampea: fyuzi itaungua, au mita yenyewe.

Jaribu mwenyewe

Taa yako ya volti 12 inavuta ampea 0.25. Ina wati ngapi? Taa tatu kama hiyo kwa saa 11 zinahitaji kiasi gani?
Jibu: wati 3 kila moja, zote tatu wati-saa 99. Kwa paneli ya wati 20 umefika ukingoni, usiongeze ya nne.

Mwisho

Taa haziondoi kazi ya uzio wa miiba, mlango imara na mbwa. Mnyama aliyeumwa na fisi, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, ukivaa glavu, kisha umwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu fisi anaweza kuleta kichaa cha mbwa. Na kabla ya kununua taa, piga hesabu. Ni rahisi kuliko kuhesabu mizoga asubuhi.